Nguru, Inveta na Abiria wa Mombo

Gari letu liliwahi kuwa daladala. Nalitanguliza hilo kwa sababu Baba Rehema hapendi lisemwe mbele za watu. Yeye akilitambulisha kwa wageni huliita "nyumba ya safari". Ni Hiace ya zamani, dizeli, injini ya 3L, aina ile tuliyokuwa tukiiita kipanya hapa Dar es Salaam. Aling'oa viti vya nyuma akaacha safu moja, akapigilia kitanda cha mbao, akaweka pazia la maua na kabati la vyombo ambalo mlango wake hufunguka kila tukipita kwenye tuta. Ubavuni alipaka rangi nyeupe mikono miwili. Jua likiwa kali, ule mstari wa njia bado unachungulia chini ya rangi, na ukikaza macho unasoma "Mbagala – K/Koo". Namba zake ni za njano, za gari binafsi, lakini sijaona abiria anayesoma rangi ya namba. Punguza mwendo tu karibu na kituo, mtu kashashika mlango.

Wazo alilipata kwenye simu. Wako Waingereza wanaoishi ndani ya magari ya namna hii, wanazunguka na mbwa, wanakaanga mayai kando ya bahari yenye ukungu. Hao wana betri mbili. Moja kazi yake ni kuwasha gari na haiguswi kwa lolote jingine. Ya pili ndiyo ya taa, ya simu, ya pampu ya maji na ya friji. Mume wangu aliziangalia video hizo usiku kucha akiwa amejifunika shuka mpaka kichwani, nami nikadhani ana mwanamke. Afadhali angekuwa naye, mwanamke hahitaji waya.

Friji lenyewe sina ugomvi nalo. Alilinunua kwa Mzungu mmoja wa Msasani aliyekuwa anarudi kwao na kuuza kila kitu mpaka vibanio vya nguo. La lita 40, lina vishikio viwili kama sanduku, na ndani lina kompresa ya kweli. Si yale maboksi ya feni yanayopoza soda kwa kubahatisha. Lina uwezo wa kushuka mpaka nyuzi 18 chini ya sifuri. Kioo chake kidogo kinaonyesha nyuzi za ubaridi na volti za betri. Lilikuja na kamba mbili, moja ya umeme wa gari na nyingine ya umeme wa ukutani. Tena lina ulinzi: betri ikishuka kufikia kiwango fulani, friji linajizima lenyewe ili gari libaki na nguvu ya kuwaka. Unachagua ulinzi wa juu, wa kati au wa chini. Yule Mzungu alilieleza hilo kwa Kiswahili chake cha polepole, akarudia, nikiwepo. Baba Rehema alikuwa anaitikia kwa kichwa huku macho yake yako kwenye jiko la gesi lililokuwa linauzwa pembeni.

Betri ya pili ilifungwa na fundi umeme wa magari anayefanyia kazi chini ya mwarobaini kule Tandika. Ilikuwa N70 ya mtumba, imepakwa grisi kwenye vichwa ili ionekane inatunzwa. Fundi akaisukuma chini ya kitanda, akavuta waya kutoka kwenye betri ya mbele hadi nyuma, kwa mtindo wa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Waya ulikuwa mwembamba kuliko kamba ya kiatu changu cha kazini.

"Fundi," nikamwuliza, "si inatakiwa relei hapo katikati? Ya kuzitenganisha gari likizimwa?"

"Shemeji, relei ni mambo ya magari ya kisasa. Hili tunapiga waya moja kwa moja, mnakula umeme mpaka mnasaza."

"Relei shilingi ngapi?"

"Kama 25,000 hivi."

Baba Rehema akasikia "magari ya kisasa" na "25,000" kwa mkupuo mmoja, akaamua kwamba sisi si watu wa kisasa.

Ikabaki shida ndogo. Ile kamba ya friji ya umeme wa gari ilikuwa fupi, haikufika kwenye betri kutoka pale nyuma ya kiti cha dereva alipotaka friji likae ili abiria, yaani sisi, tulione. Mtu mwingine angelisogeza friji. Yeye akaenda Kariakoo akarudi na inveta yenye taa ya kijani, akaifunga kwenye betri, akachomeka kamba ya ukutani. Kwa hiyo umeme ulitoka kwenye betri ukiwa wa volti 12, ukapanda kwenye inveta ukawa wa volti 220 wa nyumbani, ukaingia kwenye friji, na friji likaushusha tena ukawa wa volti 12, maana kompresa yake ndiyo inayoutaka huo. Kila unapopandishwa na kushushwa, unapungua njiani na kugeuka joto. Niliiwekea mkono inveta, ilikuwa ya moto kama chapati. "Hiyo ni dalili ya kazi," akasema.

Safari yenyewe ilikuwa ya Lushoto, ukweni, kwenye hitima ya mtoto wa wifi yangu. Mama mkwe alisema kwenye simu, katikati ya mambo mengine, kwamba tukija na samaki wa bahari atafurahi. Nilipendekeza tufanye kama wanavyofanya watu wengine: samaki kwenye ndoo ya rangi, barafu juu, mfuniko, gundi ya karatasi, unampa kondakta wa basi namba ya simu ya mpokeaji. Baba Rehema aliniangalia kwa huruma.

"Mimi mwenye friji, nimpe mtu wa basi ndoo?"

Alfajiri tukawa Feri. Nguru alinadiwa, tukamshinda mama mmoja wa hoteli, vijana wa kupara samaki wakamkata vipande vinene vinavyong'aa, kichwa wakakipasua katikati kwa ajili ya mchuzi. Mimi nimezaliwa pwani, samaki namjua. Yule alikuwa bado na harufu ya bahari tupu. Tukampanga frijini akiwa na joto la asubuhi ya Dar es Salaam. Juu yake Baba Rehema akashindilia soda zilizokuwa zimelala kibarazani, na chupa za maji, na mtindi wa watoto. Kioo kikasoma nyuzi 27.

Ni vizuri mjue kwamba friji la namna hii hupozwa kwanza nyumbani, kwa umeme wa ukutani, usiku kucha, vitu vikiwa ndani. Ukishaondoka, kazi yake inakuwa ni kutunza ubaridi tu. Nilikuwa nimelisema hilo jioni yake. Nikajibiwa kwamba LUKU imebaki na uniti chache na umeme wa gari ni wa bure.

Mpaka tunatoka Kibaha kioo kilikuwa kinasoma 22. Rehema na mdogo wake walikuwa wanafungua mfuniko kila baada ya kilomita kadhaa kuangalia kama soda zimekuwa tayari, na kila wakifungua, baba yao anageuka kutoka kwenye usukani kuwaonyesha taa ya ndani inavyojiwasha. Mlandizi mtu na godoro lake alitukimbilia. Chalinze alipanda mama mmoja kabisa, akakaa, akafungua pochi, ndipo akaona kitanda. Alitutazama sote mmoja mmoja, akashuka bila kuaga. Sijui aliwaza nini na sikupata nafasi ya kumweleza.

Baada ya Mkata tukapata pancha. Jeki ilikuwa chini ya kitanda, nyuma ya betri ya pili, na betri ya pili ilikuwa imefungwa kwa mikanda ambayo fundi wa Tandika aliikaza akiwa na hasira za mambo yake mwenyewe. Gari limezimwa, jua liko utosini, friji linanguruma. Kwa mara ya kwanza nikaona volti za inveta: 12.1. Nikasema, "Baba Rehema, hii namba imeshuka." Akasema namba zote zinashuka zikichoka.

Tukafika Mombo jua linazama. Kutoka hapo kwenda Lushoto ni kilomita 33 za kupanda, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima na mwingine hewa. Hata madereva wa kule huiheshimu ile barabara usiku. Nyumba ya wageni ilikuwepo ng'ambo tu, na feni niliiona dirishani inazunguka. Baba Rehema akasema tutalala garini kwenye uwanja wa kituo cha mafuta, ndiyo maana ya kuwa na nyumba ya safari. Mlinzi akatukubalia kwa sharti tusipike.

Mombo iko bondeni, na usiku joto linabaki palepale lilipokuwa mchana. Tulifungua dirisha, mbu wakaingia. Tukafunga, tukapikika. Mimi nilipangiwa upande wa friji. Friji lenye raha linawaka kidogo, linanyamaza, linapumzika, linawaka tena. Lile halikunyamaza hata mara moja. Lilikuwa na kilo kadhaa za nguru na soda za uvuguvugu tumboni, nje kuna joto la Mombo, nalo limeambiwa lifike chini ya sifuri. Likajitahidi.

Saa tisa usiku ikaanza sauti. Pii. Pii. Pii.

"Nini hiyo?"

"Mbu," akasema Baba Rehema, macho yamefungwa.

"Mbu gani anapumzika katikati?"

Ilikuwa inveta. Inveta nyingi zina kengele ya kulalamika betri ikikaribia volti 10 na nusu, kabla ya kujizima kabisa kwenye 10 hivi. Taa ya kijani ilikuwa imegeuka nyekundu. Mume wangu aliamka, akaitazama kwa muda, akachukua kanga yangu, akaiviringisha inveta mara tatu mpaka sauti ikawa ya mbali. Akalala. Nikalala na mimi, nisiseme uongo. Nilikuwa nimechoka kubishana tangu Kibaha. Karibu na adhana ya alfajiri, sauti ikakatika na friji nalo likakatika. Ukimya ule ndio ulioniamsha.

Kulipokucha akaingiza ufunguo. Taa za dashibodi zilijitokeza kwa haya, nyekundu iliyopauka. Akazungusha. Tik. Akazungusha tena. Tik-tik-tik-tik. Honi ilikohoa mara moja. Kisha hata tik haikuwepo.

"Dizeli hii," akatangaza, "tunaisukuma. Ni manyuo."

Na kweli gari la giya za mkono huwa linawaka kwa kusukumwa. Vijana wa bodaboda wakaja, wakatusukuma kutoka kwenye pampu mpaka barabarani. Akaachia klachi, gari likaruka, likagoma. Wakaturudisha. Wakatusukuma tena. Ninachokijua sasa ni kwamba kwenye pampu ya dizeli ya injini zile kuna kidude kinachofungua mafuta kwa umeme, na betri ikiwa imekufa kabisa kidude hakifunguki. Unaweza kulisukuma gari mpaka Korogwe. Mafuta hayaingii kwenye injini. Ila asubuhi ile tulijua tu kwamba vijana wanatoka jasho na mmoja anataja bei.

Sasa fikiri jambo hili kwa macho ya mtu anayesubiri usafiri wa Lushoto asubuhi. Anaona Hiace. Anaiona inasukumwa kuelekea upande wa mlimani. Gari linalosukumwa ni gari linalokaribia kuondoka. Watu wakaanza kutoka kwenye vibanda. Wa kwanza alikuwa mzee mwenye kanzu na koti zito la kijivu. Alifungua mlango wa mbele, akakaa kwenye kiti changu, akaweka bakora katikati ya magoti. Akafuata mama mwenye ndoo ya dagaa. Akafuata mwanafunzi mwenye sanduku la bati, akaliweka kitandani. Kijana mwenye kuku wawili alinipa kuku nimshikie, akaenda kusukuma.

"Mzee, shikamoo," nikamwambia yule wa mbele. "Hili ni gari la familia."

"Marahaba mwanangu. Hata mimi nina familia. Mnaondoka saa ngapi?"

"Hatubebi abiria, mzee."

"Haya. Mwambie dereva asifungue muziki." Akavuta mkanda, akajifunga.

Nilimgeukia Baba Rehema anisaidie. Alikuwa ameinama uvunguni mwa kiti, anaitazama betri ya mbele.

Aliyetuokoa alikuwa fundi mzee mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Alikuja na kipima umeme kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli, akagusa betri ya mbele, akagusa ya nyuma, akacheka kwa pua. Zote mbili zilikuwa chini ya 10.

"Betri iliyojaa na kupumzika inasoma 12.7," akasema. "Ikisoma 12.2 uko nusu. Ikisoma 10 na nusu umemaliza. Nyie mmekula mpaka sahani."

Akaomba kalamu, akaandika kwenye boksi la biskuti. Friji la wati 45; ongeza inachokula inveta, tuseme 60. Gawa kwa volti 12, ni ampea 5. Tangu saa mbili usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri ni saa 9, na friji halikupumzika. Tano mara tisa, ampea-saa 45. Betri ya N70 ikiwa mpya inabeba kama ampea-saa 70, na betri ya kuwashia gari haitakiwi kushushwa chini ya nusu, la sivyo unaiua kidogo kidogo. "Hii ya nyuma ni ya mtumba, ilikufa zamani. Ilipoishiwa, ikaanza kuinyonya ya mbele kupitia waya huu huu. Nani aliwafungia bila relei?"

Hapo nikaelewa jambo lote, maana mimi ni mhasibu wa kikoba chetu pale mtaani. Betri ile ya nyuma ilikuwa mwanachama asiyeweka hisa. Usiku kucha alikopa, na mfuko wake ulipokauka akaenda kuchota kwenye mfuko wa jamii, ule wa misiba, ambao hauguswi. Relei ndiyo mwenye ufunguo wa sanduku. Gari likiwaka, anafungua ili wote waweke. Gari likizimwa, anafunga. Sisi sanduku letu tuliliacha wazi kwa kubana shilingi 25,000.

"Lakini friji lina ulinzi," Baba Rehema akajitetea. "Niliuweka juu kabisa! Lilitakiwa lijizime."

Fundi mzee akaufuata waya wa friji kwa kidole, taratibu, mpaka kwenye kanga yangu. Akaikunjua. Akakaa kimya.

"Umelichomeka kwenye inveta."

"Ndiyo."

"Ulinzi wake unapima umeme wa gari. Wewe umelilisha volti 220 za inveta. Hilo friji halijui kama kuna betri hapa duniani. Lilidhani liko sebuleni."

Yule mzee wa mbele akacheka hadi bakora ikaanguka.

Lori la mbao lilikuwa linajaza mafuta, na tandiboi wake akaja mbio na nyaya za kuunganishia. Alitaka kubana moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri zake. Fundi akampigia ukelele uliosimamisha hata vijana wa bodaboda. Malori yana betri mbili zilizopangwa kwa kufuatana, jumla volti 24, nasi ni watu wa 12. Akachukua kutoka kwenye betri moja tu, akaiondoa ile ya mtumba kwenye mzunguko, akatuambia tusubiri kidogo bila kugusa kitu. Ufunguo ukazungushwa. Gari likawaka, moshi mweusi, abiria wakapiga makofi. Abiria! Nilihesabu vichwa na nikaacha kuhesabu.

Wakati huo mama wa dagaa alikuwa ameshafungua friji. Kioo kilikuwa kimekufa, lakini mkono wake ulitosha. Aliinua kipande cha nguru, akakinusa, akakibonyeza kwa dole gumba, akaangalia kama nyama inarudi. Ilirudi, polepole.

"Mwanangu, huyu mzima, ila hafiki mchana," akaniambia. "Ubaridi umeshamtoka. Mkaange hapa hapa, sasa hivi, kwa chumvi na ndimu. Ukimpandisha mbichi, ukweni watakula aibu yako."

Kwa kauli hiyo moja akawa ndiye mtu pekee mwenye akili niliyekutana naye tangu Feri. Mama ntilie wa pale kituoni alikuwa anachoma maandazi. Akaepua, akaongeza mafuta, tukaanza. Vipande vyote vya nguru vikakaangwa kwenye karai moja, mafungu kwa mafungu, gari likinguruma pembeni kwa sababu fundi alikataza lisizimwe. Abiria hawakushuka. Walikuwa wamesukuma, wana haki, na sasa kuna harufu ya nguru. Mzee wa mbele akasema kwamba kwa desturi za kule, samaki wa safari anaonjwa. Desturi hiyo mume wangu, mzaliwa wa kule, hajawahi kuisikia. Tukaonjesha. Kichwa kile cha mchuzi kilibaki Mombo kwa mama ntilie, kwa makubaliano yake na yeye mwenyewe.

Tukapanda mlima tukiwa tumejaa kuliko enzi za Mbagala. Watoto wangu walikuwa juu ya mapaja ya watu nisiowajua. Mwanafunzi alisimama mlangoni kwa kuwa mtu fulani lazima asimame mlangoni, na kila penye nyumba alipiga bodi mara mbili, Baba Rehema akisimama. Alikuwa amekaza taya, lakini mguu wake ulitii. Soni wakashuka watatu, wakapanda wawili. Kila nilipokataa nauli walidhani nataka zaidi, wakaongeza. Mwisho nikaanza kupokea ili amani ipatikane, na niliporudisha chenji mzee wa mbele akaniambia mimi ni konda mwaminifu kuliko wote aliopanda nao.

Lushoto ilikuwa mwezi wa saba. Kule juu ya mita 1,300, mwezi wa saba watu wanaota moto na maji ya bombani yanauma meno. Mama mkwe alitupokea akiwa na sweta, kilemba na blanketi begani. Akapokea sufuria ya nguru wa kukaanga, akafunua, akafunika.

"Nilidhani mtaleta mbichi, nimtie nazi."

"Mama, tulikuwa na friji," mume wangu akaanza.

"Friji? Huku?"

Likashushwa ili alione. Akalizunguka. Akauliza linafanyaje kazi, na Baba Rehema, kwa kutafuta heshima yake ilipoangukia, akalichomeka ukutani, sebuleni, karibu na redio. Kioo kikawaka. Kwa baridi ile na tumbo tupu lilifika nyuzi 4 kabla chai haijaiva, likanyamaza. Nilikaa nalisubiri lingurume tena. Ilichukua muda mrefu, likanguruma kidogo tu, likapumzika. Sikuwahi kulisikia limepumzika. Mama mkwe akaweka maziwa ndani, akaweka na dawa zake za macho, akatandika kitambaa cha kufuma juu ya mfuniko, akaweka redio juu ya kitambaa.

"Halina kelele," akasema. "Hili mniachie."

Baba Rehema akanigeukia, macho yanaomba nimtetee. Nikamwambia mama zipo kamba mbili: hii nyeusi nene ndiyo ya ukutani, na ile nyingine fupi anaweza kufungia mbuzi.